Mgongo Wangu Kwenye Bango

9 Machi

Wifi,

Salamu nakupa kwa sababu mama yako amekaa hapa ubavuni mwangu na anataka nianze na salamu. Hajambo. Magoti yanamsumbua lakini mdomo ni mzima. Kaka yako naye hajambo. Ameifungua mashine ya boti ya watu vipande vipande sebuleni kwangu na sasa hajui kipi kinaingia wapi. Watoto wanasoma. Mkubwa ameota ndevu chache na kila asubuhi anazinyoa kwa sherehe. Salamu zimeisha.

Simu zako sipokei na sitapokea. Nikisikia sauti yako nitatukana, na mama yako ana masikio. Barua hii nampa dereva wa lori la barafu. Anakuja huku kuchukua pweza na akirudi mjini anapita mbele ya kituo chenu cha utafiti. Ukijibu, mpe yeye.

Walikuja vijana wenu wawili wenye fulana za kituo, wakaniamkia vizuri, wakasema wameleta bango la kuelimisha watu kuhusu mwamba. Nikawashikia ngazi. Nikawapa maji ya kunywa. Wakalipigilia kwenye ukuta wa banda la mizani, juu ya kiti changu, pale pale ninapokaa kuwapimia kina mama pweza wao. Likafunguka lote, nikaona mwanamke ameinua chuma juu ya kichwa anataka kupasua mwamba. Juu yake maandishi mekundu: HUYU ANAUA KESHO YETU.

Uso hauonekani. Mgongo ndio unaoonekana, na kwenye mgongo wa blauzi kuna kiraka cha pazia, maua ya njano, kiraka alichokishona mama yako kwa mkono wake. Wifi, tangu niolewe kina mama wanatembea nyuma yangu maji ya bahari yakitoka, tunakwenda mwambani. Mgongo wangu wanaujua kuliko uso. Nilikuwa bado nimeishika ngazi pale watu walipoanza kunitazama.

Hebu nikukumbushe, maana naona umesahau. Siku ile tulikuwa tumemaliza kazi, tunacheka, wewe umeloa mpaka kiunoni. Ukatoa kamera, ukasema, "Wifi, nipe mfano wa mtu anayepasua. Inua chuma juu. Juu zaidi, kama una hasira." Nikakwambia sisi hapa hatupasui, tunachokoa tundu tu, pweza akitoka tunamchukua. Ukasema ni picha ya kwako tu, ya darasani. Nikainua, kwa sababu wewe ni wifi yangu.

Na mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi chao. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba na michoro yako, nawaeleza kwamba tukiufunga mwamba kwa miezi michache pweza watakua, watataga, tutavuna wakubwa. Wengine walikuwa wamekubali. Kura ni mwisho wa Juni. Sasa nikifungua mdomo, wanatazama ukuta.

Nataka bango lishuke, hapa na kila mahali. Halafu nataka uje usimame mbele ya kina mama useme kwa mdomo wako ni nani aliyeniambia niinue chuma.

Mke wa kaka yako

*

2 Aprili

Wifi yangu,

Natumaini hamjambo nyote. Mimi nipo. Nimehamia nyumba nyingine, ghorofa ya tatu, bomba la jikoni linavuja na mwenye nyumba anajifanya hasikii. Mwambie mama asiache dawa zake za magoti hata akiona nafuu. Mwambie kaka akishindwa na ile mashine aseme mapema, asisubiri mwenye boti aje juu.

Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa na kazi nyingi. Barua yako nimeisoma na kwa kweli imenishangaza. Ulichokiona ni picha ya mfano. Haina jina, haina uso. Haimtaji mtu. Watu wa sehemu nyingine wameiona na wala hawajui ni ya wapi. Mgongo ni mgongo tu, wifi. Mkiamua kutafuta ni nani, huo ni umbeya wenu, si kosa la kituo.

Mwamba uliougusa ulikuwa umekufa siku nyingi. Nilikuonyesha mwenyewe. Hakuna kilichoharibiwa.

Bango limeshachapishwa na limesambazwa pwani yote. Mkuu wa kituo amelisifu mbele ya wafadhili. Kwa miaka mingi tunaandika ripoti ambazo hakuna anayezisoma, na kwa mara ya kwanza watu wanasimama, wanatazama, wanauliza. Pweza mnaowapima pale bandani wanazidi kuwa wadogo, na wewe unajua, maana ni wewe unayenipa vipimo. Majike wanachukuliwa kabla hawajataga. Tukiendelea hivi binti yako hatakuwa na pweza wa kupima. Hilo ndilo la maana kwangu. Hili la blauzi ni dogo.

Kuhusu kuja kusimama mbele ya watu, sioni sababu. Tafadhali usichanganye mambo ya nyumbani na kazi yangu.

Wifi yako

*

17 Aprili

Wifi,

Mama yako hajambo na dawa anakunywa. Kaka yako mashine imemshinda. Anasema kuna kipande kimebaki mkononi na mashine imeshafungwa. Mwenye boti alikuja juu, kama ulivyosema. Mimi ni mzima wa mwili.

Dogo, ehe? Haya, nikuhesabie udogo wake.

Sasa nina jina jipya. Naitwa Muuakesho. Nikifika bandani mtu anasema, "Tahadharini, Muuakesho huyo, ficheni kesho zenu," wanaangua kicheko. Mwanzoni nilicheka nao. Ukicheka na watu wanachoka. Hawa hawajachoka. Wengine sasa hawaleti pweza kwenye mizani yangu, wanawasubiri wanunuzi njiani na kuuza kwa kukadiria kwa macho, wanapunjwa, na vipimo unavyovitaka wewe vinapotea. Umeniharibia jina na umejiharibia hesabu zako mwenyewe.

Halafu mwalimu wa shule akaona ni vizuri awapeleke wanafunzi wakasome bango. Elimu kwa umma, si ndiyo mnayoiita? Akawapanga mstari, akawasomesha kwa sauti. Binti yangu mdogo alikuwa katika mstari. Amekijua kiraka, kwa sababu pazia lile lilikuwa la chumba chao. Akarudi nyumbani hataki kula, hataki kwenda shule. Usiku ananiuliza, "Mama, kwani unaua nini?" Nijibu nini, wifi? Niambie wewe uliyesoma.

Lakini subiri, lililonichoma zaidi hili hapa. Juzi nimekwenda mwambani nikakuta upande wa mbali umepasuliwa. Si kuchokolewa. Umepasuliwa, matumbawe meupe yametapakaa kama sahani zilizoangushwa jikoni. Nikawauliza kina mama. Mama mmoja kijana, mkaidi mkubwa, amenikazia macho: "Kama mwenyekiti anapasua na amepigwa picha, sisi tusipasue kwa nini?" Hakuna aliyekuwa akipasua hapa. Chuma walikijua cha kuchokolea tu. Bango lako ndilo lililowafundisha.

Utaniambia nilichane. Nimelifikiria. Nikilichana watasema nimekiri. Nikiliacha nakaa chini yake kutwa. Kaka yako alitaka kulishusha kwa hasira, nikamzuia, maana watasema mume anamfichia mkewe. Kwa hiyo lipo, na mimi nipo chini yake, na kura inakaribia.

Na nikuulize jambo la kazi, kwa sababu wewe la nyumbani hulitaki. Kina mama wanasema, tukifunga mwamba wote, wajawazito na wale wenye miguu mibovu watakwenda wapi? Sisi wengine tutahangaika na vingine. Wao upande wa karibu ndio wanaoweza kuufikia. Tufunge upande wa mbali tuwaachie wa karibu, inawezekana? Hili nilikuwa nimewaahidi nitakuuliza, kabla hujaniuza.

Njoo useme. Maneno machache tu. Sikutaki hata ulale hapa.

Muuakesho

*

20 Mei

Wifi,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Bomba limetengenezwa. Kaka alinipigia simu. Alizungumza kuhusu hali ya hewa, kisha mashine, kisha akanyamaza muda mrefu, kisha akakata. Nilimwelewa.

Lori lilichelewa. Hapana, sitaki kusema uongo kuhusu lori. Barua yako ilikuwa mezani.

Nimesikitika kusikia kwamba miamba inapasuliwa. Lakini hebu tazama, wifi, hicho ndicho nilichokuwa naonya. Mnasema hakuna anayepasua, na sasa wanapasua. Kama tabia haikuwepo isingeibuka kwa sababu ya karatasi ukutani. Bango limeonyesha tatizo lililokuwa limejificha.

Kuhusu kufunga nusu, jibu ni hapana. Utafiti wa kituo unataka mwamba wote ufungwe, vinginevyo ni kama hatujafanya kitu. Siwezi kubadilisha matokeo kwa sababu watu fulani wana miguu mibovu. Nawaonea huruma, lakini pweza hawajui huruma.

Sasa naomba unielewe. Mwezi wa saba nafasi ya mkuu wa elimu kwa umma itatangazwa hapa kituoni. Nimeifanyia kazi miaka yote. Bango lile ndilo kazi yangu inayojulikana. Nikisema leo kwamba picha niliipanga, hawataniuliza kuhusu blauzi yako. Wataniuliza kuhusu kila picha na kila namba niliyowahi kuwapa. Unataka hivyo? Utafurahi?

Ninachoweza kukufanyia ni hiki. Vijana watakuja kimya kimya walishushe la hapo bandani peke yake, waweke lingine lenye picha ya pweza. Hakutakuwa na hotuba. Mengine yabaki. Nadhani hilo linatosha kati ya ndugu.

Wifi yako

*

28 Mei

Wifi,

Wote hawajambo isipokuwa mimi, na wewe hilo si lako.

Vijana wako walikuja na pweza wao wa kwenye picha. Nimewarudisha. Nimewaambia wamwambie aliyewatuma asinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Bango walilolitundika mchana mbele ya watu wanataka kulishusha kimya kimya? Lishushwe kama lilivyopandishwa.

Umesema pweza hawajui huruma. Sawa. Wewe si pweza, au ndiko ulikofika?

Barua zako zote mama yako alikuwa anataka nimsomee. Nilikuwa naruka mistari. Namsomea salamu, namsomea bomba, namsomea dawa za magoti, ya katikati nameza. Hii ya mwisho aliniambia, "Leo usiruke." Alikuwa anajua siku zote. Nikamsomea yote, mpaka pale uliposema hili la blauzi ni dogo, maana alitaka na ile barua ya zamani pia.

Hakukutetea, hakukulaani. Aliniambia nimletee blauzi. Akavaa miwani, akachukua sindano, akakaa mlangoni penye mwanga, akaanza kukifumua kiraka, uzi mmoja mmoja, kwa vidole vile unavyovijua vinavyotetemeka. Nilimwambia, mama, niachie mimi. Akanisukuma mkono. Alipomaliza alikikunja, akanipa, akasema, "Mtumie. Ni mali yake sasa."

Kimo ndani ya bahasha hii. Mimi sikukitoa. Nilikuwa nakitaka kibaki.

Kura ni Jumapili ya mwisho ya Juni, mchana, hapo hapo bandani. Kama hujaja, nitasimama niache uenyekiti, na mwamba wako watajua wenyewe watakavyoufanya. Aliyejiandaa kuchukua nafasi yangu ni yule mama mkaidi. Chuma anacho.

Sitaandika tena.

*

22 Juni

Wifi,

Shikamoo kwa mama. Mfikishie kama nilivyoiandika, usiruke.

Kiraka kimefika. Pazia lile nalikumbuka likiwa bado jipya. Tulikuwa tunajifunika nalo mimi na kaka tukicheza, na mama akitukimbiza kwa ufagio. Kinanukia sabuni ya nyumbani.

Nimekaa na mwenzangu wa takwimu kuhusu kufunga nusu. Nilimwambia swali limetoka kwa mwenyekiti wa kikundi. Tumerudia hesabu kwa kutumia vipimo vyako vya bandani, vya kabla havijaanza kupotea. Upande wa mbali ndio wenye mashimo mengi ya majike. Ukifungwa huo wote, na ukaheshimiwa kweli, wa karibu unaweza kubaki wazi kwa wale uliowataja. Matokeo yatakuwa pungufu kuliko tukifunga wote, lakini yatakuwepo. Mchoro nimeuweka humu, umechorwa kwa rangi mbili tu ili kila mtu auelewe. Kosa ni langu, nilijibu kabla sijapima.

Mabango yaliyokuwa chini ya mamlaka yangu nimeyashusha, isipokuwa la hapo bandani, hilo nimewaachia ninyi. Mengine mkuu wa kituo amekataa. Tumegombana kwa sauti, korido nzima ilisikia. Kuhusu ile nafasi ya mwezi wa saba, usiniulize.

Dereva atakukabidhi mrija wa karatasi umefungwa kwa gundi. Ndani kuna bango. Kituo hakikulichapa, nimelichapisha mwenyewe kwa wale wanaochapa kalenda na kadi za harusi, kwa hiyo rangi si nzuri. Lipo moja tu. Lifungue siku ya kura, mbele ya kina mama, mchana. Lakini litazame kwanza peke yako. Ukiona halifai, lichome moto, na mimi sitakuuliza.

Siku ya kura sitaweza kuja. Nina kikao. Kiraka nitakirudisha kwa lori likija tena huko.

Wifi yako

*

3 Julai

Wifi,

Mama ameipata shikamoo yako. Alisema, "Marahaba," basi. Kaka yako kile kipande kilichobaki amekifanya kizibo cha pipa la maji na mashine inafanya kazi bila yake, mwenye boti asijue. Mdogo amerudi shule. Mkubwa amejikata kidevu.

Nilisema sitaandika, lakini matokeo ya kura lazima uyapate, kwa ajili ya kazi.

Bango sikulitazama kwanza. Nilikuwa na hasira, nikasema liwalo na liwe. Nikamwita yule mkaidi ashike upande mmoja, mimi nikashika mwingine, tukalifungua mbele ya watu wote, chini ya lile la zamani. Wewe huyo, uso mzima, chuma juu ya kichwa, umevaa fulana ya kituo chenu, jina la kazi yako limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Na yale maneno mekundu juu yako, yale yale. HUYU ANAUA KESHO YETU.

Nani alikupiga picha? Hata kushika chuma hujui. Umekishika kama mtu anayekoroga rangi. Viatu vya ofisini, mwambani! Bibi mmoja akaanza, "Huyu atajitoboa mguu," na banda zima likaanguka kwa kicheko, wengine wamekaa chini kabisa. Mkaidi alicheka mpaka akaachia upande wake, bango likanifunika mimi. Nikiwa humo ndani, nimefunikwa na uso wako, nilicheka na mimi. Nakuambia hilo kwa sababu litakufikia tu, dereva alikuwepo.

Halafu bibi yule yule akauliza, "Sasa kwa nini amejiweka mwenyewe?" Kicheko kikakatika. Wakatazama bango lako, wakatazama langu, wakanitazama mimi. Hawakuhitaji kuambiwa. Mkaidi alipanda kwenye kiti changu bila kuombwa, akaling'oa lile la zamani, misumari na vyote, akalikunja, akaniuliza nataka alipeleke wapi. Nikamwambia alitumie kuwashia moto.

Mchoro wako nimeueleza. Upande wa mbali umefungwa tangu juzi, na mkaidi ndiye mlinzi wake, kwa sababu njia zote za kuiba anazijua yeye. Wa karibu umebaki kwa wajawazito na wenye miguu mibovu. Waliopinga wapo, na wamenuna, na nitawasemesha mpaka wakubali. Uenyekiti ninao. Vipimo vimeanza kurudi, utavipata.

Sasa sikia. Usidhani tumemaliza. Picha si mdomo. Nilikuomba useme, ukachapisha karatasi kwa watu wa kadi za harusi. Uliandika kosa ni lako, nimetafuta hilo kosa ni lipi nikakuta ni la hesabu za pweza. Lile lingine hukuligusa. Na kikao cha Jumapili mchana mimi sijawahi kukisikia. Simu yako bado sipokei.

Blauzi ndiyo ninayoivaa kila siku, sina nyingine ya mwambani, na ina tundu mgongoni. Mama ameshatoa sindano na miwani, amevipanga mlangoni penye mwanga, kila siku ananiuliza kama kiraka kimefika. Dereva alikuwa amejiandaa kukipitia kwako wiki hii.

Nimemkataza kukibeba.

Mke wa kaka yako